Unaenda Ujerumani kwa wakwe mara ya kwanza? Hatua kwa hatua, kutoka kwa mtu wa Mwanza

Habari zenu. Naandika hii kwa sababu mwaka huu peke yake wadada watatu wameniuliza kitu kile kile, wana wachumba wa Kijerumani na wanaenda kusalimia familia kwa mara ya kwanza, wanaogopa wataharibu. Mi nimezaliwa Kirumba nikakulia Nyegezi, mume wangu anatokea kijiji kimoja jirani na Würzburg, ule mji ambao ni mji dada wa Mwanza tangu 1966, nimeshaenda mara tatu na ile ya kwanza ilikuwa ngumu kwelikweli. Siyo kwamba watu ni wabaya, hapana, walinipokea vizuri sana. Shida ni kwamba hakuna aliyeniambia heshima ya kule inaonyeshwa kwa njia nyingine. Huku kwetu ukimheshimu mtu unampa muda, unamsalimia mpaka mwisho, unauliza watoto, ng'ombe, mvua, ndo unafika kwenye jambo lako. Kule ukimheshimu mtu unautunza muda wake na unamwambia kitu kilivyo. Ukilishika hilo mengine mengi yatajipanga yenyewe, ila ngoja niende nalo taratibu maana kwenye vitu vidogo ndo tunaumizana.

Naongea kama mwanamke maana ndo ninavyojua, kaka mwenye mchumba wa kule mengi yatakufaa pia.

Hatua ya 1: Mkalishe mwenzako chini kabla hujaanza hata kutafuta tiketi

Huyu mtu amekulia kule, kwake kila kitu ni kawaida kwaiyo hatakuambia chochote usipomuuliza. Usimuulize "kwenu kukoje" atakujibu "kuko poa tu". Muulize vitu vyenye majibu. Mama yako nimwiteje siku ya kwanza? Mezani mnaanza kula lini? Nani kwenye familia hawaongei? Kuna mtu amefariki karibuni ambaye sitakiwi kumuulizia? Wanajua mi ni dini gani? Mnavua viatu? Na hili ambalo watu wanaona aibu kuliuliza: tutalala wapi? Kwa familia nyingi za kule mkiwa wachumba mnatandikiwa chumba kimoja nyumbani kwa wazazi wake, na wanaona ndo ukarimu wenyewe. Kama kwako hilo haliwezekani kabla ya ndoa, sema mapema kwa upole, mwambie mwenzako awaeleze wazazi wake yeye mwenyewe, watakuandalia chumba kingine na hakuna atakayenuna. Kibaya ni kufika usiku umechoka, unaonyeshwa kitanda kimoja, unaanza kulia na hakuna anayeelewa unalia nini.

Viza nitaipitia haraka. Ubalozi uko Dar, maombi unaweza kuyapeleka kuanzia miezi 6 kabla ya safari na yasiwe chini ya siku 15, mi nakushauri usingoje hizo siku za mwisho. Ada ya viza ya Schengen, hii ya kutembelea Ulaya kwa muda mfupi, kwa mtu mzima ni euro 90 tangu katikati ya 2024, bima ya safari lazima ifike angalau euro 30,000, na ukipewa unakaa siku zisizozidi 90 ndani ya siku 180. Kama mwenzako ndo anabeba gharama zako kuna karatasi rasmi ya udhamini anaisaini kwenye ofisi ya wageni ya kwao, aanze kuishughulikia mapema maana miadi ya ofisi hizo inachukua muda.

Hatua ya 2: Zawadi, na kipi kisiingie kwenye begi

Najua mama yako atataka upeleke kila kitu. Wangu alitaka nibebe maziwa ya mgando na nyama ya kukausha na alikuwa serious kabisa. Nyama na maziwa na vyakula vilivyotengenezwa navyo haviruhusiwi kuingia Ulaya kutoka kwetu, vinachukuliwa uwanjani na unaweza kupigwa faini juu. Asali mwisho kilo 2. Samaki kwa matumizi yako mwenyewe wanaruhusiwa hadi kilo 20, wakiwa wabichi lazima wawe wametolewa matumbo, kwaiyo dagaa wa Mwaloni, soko letu la samaki hapa Mwanza, wanapita, lakini wafunge mifuko mitatu na ufikirie nguo zako zitakavyonukia. Matunda mabichi kwa ujumla yanataka cheti cha afya ya mimea, ila ndizi, nanasi, nazi na tende vimesamehewa. Embe hapana. Bora ujue hapa kuliko kuzipoteza pale uwanja wa ndege wa Frankfurt mbele ya watu.

Zawadi iwe ndogo na yenye maelezo. Mi nilipeleka vitenge viwili, kikapu, na kahawa ya Bukoba, na nilipomwelezea mama mkwe kikapu kilisukwa na nani na kwa muda gani alikishika vile mtu anavyoshika mtoto, mpaka leo kiko kwenye meza ya sebuleni na anawekea mikate. Vitu vya bei kubwa vinawapa mzigo, wataanza kuwaza wakurudishie nini. Afu jiandae, zawadi wanaifungua papo hapo mbele yako. Kwetu unapokea kwa mikono miwili unaweka pembeni, ukifungua mbele ya mgeni unaonekana una pupa, kule usipofungua mtu anadhani hujaijali. Wakikupa wewe, fungua, tazama, sema kitu.

Kama ni kuanzia Novemba mpaka Machi usinunue makoti hapa Mwanza, yetu hayatoshi, muombe mwenzako aje na koti zito uwanjani, vaa nguo tatu tatu ndani ya ndege na soksi nene.

Hatua ya 3: Saa

Hapa nakaa kidogo maana ndo niliumia.

Kwanza sisi tunahesabu saa kwa Kiswahili, wao wanahesabu hadi 24. Wakikuandikia 15:00 ni saa tisa alasiri, hilo ni rahisi. Pili, kwa saa za nyuma na mbele, kipindi cha baridi wako nyuma yetu saa mbili, kipindi cha joto saa moja, wanabadilisha saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba, kwaiyo ukiahidi kumpigia mama nyumbani hakikisha. Tatu, na hii haimo kwenye kitabu chochote nilichosoma, Mjerumani akisema "halb vier" neno kwa neno ni "nusu nne", lakini maana yake ni nusu KUELEKEA nne, yani 15:30, yani saa tisa na nusu yetu. Mi shangazi wa mume wangu alinialika kahawa na keki "halb vier", mume wangu alikuwa ametangulia kumsaidia kubeba makochi, mi nikaelewa saa nne na nusu yao, nikaja na basi taratibu kabisa nimependeza. Nafika watu sita wamekaa mezani, keki ya matufaa haijaguswa, birika limefunikwa na kitambaa, wote wananitazama. Saa nzima walikuwa wananisubiri. Hakuna aliyenigombeza, na hicho ndo kiliniuma zaidi.

Kwaiyo fanya hivi. Kila mwaliko andika kwenye simu kwa tarakimu, muonyeshe aliyekualika asome mwenyewe. Fika kwenye saa ileile, siyo kabla pia, ukifika dakika 15 kabla unamkuta mtu bado anapiga deki, zunguka mtaa. Ukichelewa hata dakika 5 tuma ujumbe. Na usimtembelee mtu bila taarifa hata kama unaona taa yake inawaka. Ile ya kwetu ya "nilikuwa napita nikasema nichungulie" ambayo inafurahisha kila mtu, kule inamtisha mwenye nyumba, anafikiri kuna msiba.

Hatua ya 4: Mlangoni

Siku ya kwanza mama mkwe kafungua mlango na mi nikafanya nilichofundishwa na bibi yangu wa Magu tangu nina miaka minne, nikashuka goti, macho chini, nikashika mkono wake kwa mikono miwili. Msukuma yeyote anayesoma hapa anajua binti hamsalimii mama wa mtu akiwa amesimama wima kama mlingoti. Yule mama akapiga kelele akanishika kwapani kuninyanyua, alidhani nimeanguka, nimeishiwa nguvu na safari. Na mi nikadhani amenikataa.

Mume wangu ndo aliyeokoa, akamwambia kwao hii ni heshima kubwa kwa mama. Mama mkwe machozi yakamtoka.

Ninachokushauri: salamu ya kwao ni mkono, ushike kwa nguvu kiasi, mtazame machoni. Najua kumtazama mtu mzima machoni kwetu ni ukaidi, kule ukitazama chini wanaona unaficha kitu au unamuogopa. Huko Würzburg wanasema "Grüß Gott" na ikishasemwa imeisha, hakuna habari za watoto, za kazi, za nyumbani, usisubiri muendelezo na usidhani wamekununia. Halafu kama unataka kupiga goti lako, piga, ila mwenzako awe ameshawaeleza kabla. Usiiache heshima yako Mwanza kana kwamba ni kitu cha aibu, ieleze tu ili ipokelewe.

Viatu: nyumba nyingi unavua, unapewa ndala za ndani. Soksi ziwe nzima.

Majina: kuna namna mbili za kusema "wewe", ya heshima na ya karibu, na mkubwa ndo anayefungua mlango wa ile ya karibu. Mpaka afungue unamwita kwa jina la ukoo. Baba mkwe alinifungulia siku ya pili, akasimama kabisa, akanipa mkono, akaniambia jina lake la kwanza. Nilishindwa kulitamka karibu wiki nzima maana kwetu jina la mkwe halitajwi hovyo, utamwita baba fulani. Nikamuomba nimwite "baba" kwa Kiswahili. Alifurahi mpaka akawaambia majirani, na sasa simu nikimpigia anaanza yeye, "baba hapa". Kwaiyo hata ukishindwa kitu kuna njia ya katikati, omba tu waziwazi.

Hatua ya 5: Mezani

Kama utakumbuka kitu kimoja tu kwenye hii hatua kiwe hiki: kule hapana ni hapana. Kwetu mgeni akiambiwa karibu ongeza anasema "nimeshiba asante", mwenyeji anamwongezea, anakataa tena, anaongezewa tena, na hiyo ndo adabu ya pande zote mbili. Kule ukisema nimeshiba sahani inaondolewa. Mara moja tu. Siku zangu tatu za mwanzo nililala na njaa nikiwa kwenye nyumba yenye friji limejaa, nikawa na uchungu kwamba hawa watu wachoyo, kumbe wao wanaheshimu neno langu. Unataka, sema nataka. Hutaki, sema hutaki asante, na hutalazimishwa, ukizoea utaona hata ni raha.

Chakula cha moto mara nyingi kinaliwa mchana na jioni ni mkate, jibini, soseji baridi, matango ya kuloweka. Usiku wa kwanza utatazama mlango wa jikoni ukingoja wali uletwe. Hauji. Usishike kijiko mpaka wote wamekaa na mtu aseme "Guten Appetit". Wakinyanyua glasi, hata yako ikiwa ya juisi, mtazame machoni kila unayegonganisha naye, wanalijali sana hilo. Maji ya mezani mara nyingi yana gesi, kama huyawezi omba ya bomba, ni salama kabisa kunywa.

Nguruwe iko kwenye vitu vingi kuliko unavyodhani, ikiwemo soseji zinazoonekana kama za kuku na mchuzi wa mboga. Kama wewe ni Muislamu au Msabato, na huku ziwani Wasabato tuko nao wengi, sema wiki mbili kabla ya kufika, taja na kwamba mafuta yake pia huli. Wataandika kwenye karatasi na kubandika kwenye friji. Pombe hulazimiki, Würzburg ni nchi ya mizabibu na utapewa mvinyo kila nyumba, sema sinywi na imeisha.

Na kuna hili lazima niliseme. Siku moja tumeenda supamaketi na mama mkwe, kwenye friji la samaki kuna minofu imepangwa imeandikwa Viktoriabarsch. Nikaitazama nikaitambua kabla sijasoma, sangara! Sangara wa ziwani kwetu, wale ambao minofu inaondoka kwenye viwanda vya hapa Mwanza na sisi Mwaloni tunabaki na mapanki, yani vichwa na mifupa. Nikamwambia mama mkwe huyu anatoka nyumbani, akanunua yote iliyokuwepo, jioni nikawakaangia na kachumbari, ugali nikasonga kwa ule unga wa njano wa polenta. Kuanzia siku ile nikawa mtu ndani ya ile nyumba, siyo mgeni wa kuonyeshwa swichi. Kwaiyo tafuta siku moja uwapikie, kama ni mkaaji wa ziwa kianzio chako ni hicho.

Hatua ya 6: Kuishi ndani ya nyumba yao

Sauti. Sisi tunaongea na simu kama mtu yuko ng'ambo ya ziwa kule Kamanga. Usiku kuanzia saa nne mpaka asubuhi saa kumi na mbili ni muda wa utulivu, majirani wanalalamika kweli, na Jumapili nzima hakuna kutoboa ukuta, kukata nyasi wala kufungulia mziki. Tumia spika za masikioni kuongea na nyumbani.

Jumapili hiyohiyo maduka yamefungwa kisheria, na siku za kazi kule Bavaria, jimbo ulipo Würzburg, supamaketi zinafunga saa mbili usiku. Chochote unachohitaji nunua Jumamosi, pedi, dawa ya maumivu, mafuta ya nywele, chochote.

Madirisha. Asubuhi mama mkwe anakuja anafungua madirisha yote wazi, nje barafu, dakika tano hadi kumi, anafunga. Siyo kwamba unanuka. Wanatoa unyevu ili ukuta usiote ukungu, na ukilala kwenye chumba chao ufanye na wewe.

Takataka zina mapipa tofauti, karatasi, plastiki, mabaki ya chakula, na zilizobaki, na chupa za glasi zinapelekwa mtaani kwa rangi zake. Muombe akuandikie na ubandike. Chupa ya plastiki ya maji au soda usitupe hata moja, mara nyingi ina senti 25 za euro ndani ya bei, unairudisha kwenye mashine ya supamaketi unapewa karatasi ya kulipia. Baba mkwe wangu ana pensheni nzuri tu na bado anazibeba zote kwenye gunia kila Ijumaa.

Vyombo. Baba mkwe ndo anaosha, kila siku. Mara ya kwanza nilimnyang'anya sponji, nikaona aibu mzee kuosha mi nimekaa, akabaki amesimama mikono imelowa hajui aende wapi. Nikaja kuambiwa baadaye kwamba ni kazi yake tangu astaafu na anaipenda. Uliza "nisaidie nini?", ukiambiwa kaa, kaa. Ukiambiwa panga meza, panga, na kuanzia hapo hiyo ni kazi yako mpaka unaondoka.

Mwenzako atakushika mkono au kukubusu mbele ya wazazi wake. Kwao ni salamu. Kama unajisikia vibaya mwambie usiku mkiwa wawili, usimsukume mbele yao.

Hatua ya 7: Barabarani

Haraka: usivuke taa nyekundu hata kama hakuna gari hata moja, faini ni ndogo, euro 5, lakini kibibi kitakugombeza kwamba kuna watoto wanatazama na kitakuwa na haki. Usitembee kwenye njia ya baiskeli, mara nyingi ina rangi nyekundu au alama ya baiskeli, na baiskeli zinakuja kama bodaboda za Igoma ila kimyakimya. Kwenye tramu hakuna konda, unakata tiketi mwenyewe, na sehemu nyingine unaigonga kwenye mashine ndogo kabla ya kupanda, wakaguzi wanavaa nguo za kawaida na ukikutwa huna ni euro 60 hata ukiwa mgeni. Ndani ya treni watu wako kimya. Usimsemeshe mtu kwa nguvu wala kumbeba mtoto wa mtu hata akikuchekea. Usipige picha watu na kuweka status, hasa watoto, hata wajomba wa mwenzako uliza kwanza, sheria inawapa haki juu ya sura zao.

Hatua ya 8: Hela

Mkienda kula nje na marafiki zake mhudumu atauliza pamoja au kila mtu na yake, na watasema kila mtu na yake, mpaka senti. Siyo ubahili na siyo kwamba hawakutaki. Bakshishi ni kama asilimia 5 mpaka 10, unaisema kwa mdomo wakati unalipa, siyo kuacha mezani. Usimuulize mtu mshahara. Usishangae wakwe wasipokupa nauli ya kurudi, kwetu mgeni hasindikizwi mikono mitupu, kule watakusindikiza mpaka stesheni na kukufungia mikate.

Na za nyumbani zipange kabla ya kuondoka. Ndugu watatuma orodha, simu, viatu, jezi. Jibu lile lile kwa wote kabla hujapanda ndege, na muonyeshe mwenzako bajeti yako, asije akajikuta dukani anatazama wewe unakokotoa simu za binamu wanne. Hilo limevunja uchumba wa mtu ninayemfahamu.

Hatua ya 9: Maneno

Usimwambie mtu amenenepa. Kwetu ni pongezi, maana yake mambo yako safi, kule umemtukana. Umri wa mwanamke, kwanini hana mtoto, kwanini hajaolewa, acha.

Wao nao watakuambia vitu moja kwa moja. "Huu wali kwangu una mafuta mengi." Mama mkwe aliniambia hivyo na mi nikalala nikijua nimechukiwa, asubuhi yeye ameshasahau na anataka nimfundishe chapati. Ilikuwa habari ya wali tu, hakuna kitu nyuma yake. Jifunze kujibu hivyohivyo, "nasikia baridi, naomba blanketi lingine", usingoje mtu asome uso wako, hawasomi.

Watu vijijini watakutazama. Wengine watataka kushika nywele zako, sema hapana, nimeshasema kule hapana ni hapana na inafanya kazi na hapa. Siku moja ofisini mahali fulani mtu alimuuliza mume wangu "na yeye anataka nini?" nikiwa nimesimama pale. Mume wangu akanyamaza akanigeukia mi nijibu. Mkubaliane kabla kwamba atafanya hivyo, asijibu kwa niaba yako.

Historia itakuja yenyewe. Baba mkwe aliona kwenye simu picha ya lile jiwe letu ziwani, akauliza linaitwaje, nikamwambia Jiwe la Bismarck, jina la kansela wao wa zamani. Akakaa kimya. Hakuwahi kufundishwa kwamba Wajerumani walikuwa Mwanza mpaka 1916, na Majimaji ya 1905 hadi 1907 alikuja kuisikia kwenye habari, pale Rais wao Steinmeier alipokwenda Songea Novemba 2023 akaomba msamaha. Tuliongea mpaka usiku. Sema unachojua kwa utulivu, usikwepe, wala usimbebeshe mzee wa watu peke yake. Na yeye akanieleza mji wao ulivyochomwa kwa mabomu 16 Machi 1945, mpaka leo tarehe hiyo usiku kengele za makanisa zinapigwa. Ila mambo ya Hitler usiyaletee utani, ile saluti ya mkono ni kosa la jinai kabisa.

Hatua ya 10: Wewe na mwenzako

Wekeni ishara. Sisi ni kugusa sikio, maana yake "nimechoka, nitoe hapa". Kila jioni dakika kumi mkiwa wawili, unamuuliza leo nimekosea wapi, na yeye anakuuliza leo nini kimekuumiza. Bila hiyo unakusanya vitu wiki nzima unakuja kulipuka kwa sababu ya kijiko. Na umwambie wazi kwamba akiwa kwao asirudi kuwa mtoto wa mama, akikaa na ndugu zake wanacheka kwa Kijerumani masaa mawili akutafsirie hata sentensi moja moja. Hiyo ni kazi yake, usimuonee huruma.

Siku ya kuondoka toa mashuka kitandani uyakunje, uliza yawekwe wapi. Ukifika Mwanza tuma ujumbe umefika, na wiki hiyohiyo andika kadi ya shukrani kwa mkono ukaitume posta, wanazitunza.

Hatua ya 11: Wao wakija huku

Watakuja, kwaiyo anza mapema. Mwambie mama mkwe kwamba salamu zitachukua muda na asiangalie saa. Mwambie "Mwangaluka" ni salamu ya Kisukuma ya asubuhi na akiisema tu mtaa mzima utampenda. Mwambie akishiba aache chakula kidogo kwenye sahani, maana akimaliza yote mama yako ataongeza, akimaliza tena ataongeza tena, na neno hapana halitamsaidia. Mwambie watu watapita bila taarifa. Na mama yako mwambie akisikia "nimeshiba" mara ya pili aweke mwiko chini, amkaribishe chai. Mi niliwaambia wote wawili kila mtu kivyake kwa simu wiki moja kabla, na bado siku ya kwanza Nyegezi mama alimwongezea sato wa tatu.